"Anabebwa tu huyo": nani hasa anabebwa chuo kikuu?



Mpwa wangu alikuja kunisalimia wakati wa likizo. Yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Dar, jina la chuo naliacha maana sina ugomvi nacho. Alishuka kwenye daladala la Makumbusho jioni, shikamoo mjomba, marahaba, tukakaa barazani na samaki wetu wa kukaanga na mihogo, akaanza stori za chuo. Katikati ya stori akasema darasani kwao kuna mwenzao kiziwi, na kwenye mitihani huyo jamaa anaongezewa muda.

"Mjomba, yule anabebwa tu. Sisi tunakimbizana na saa, yeye anapewa dakika za nyongeza kama mpira."

Nilinyamaza kidogo. Si kwamba nilikasirika. Hilo neno "kubebwa" nimewahi kulitumia mimi mwenyewe, tena kwa kejeli, na mpaka leo nikikumbuka naona aibu. Ndio maana nimeamua kuliandikia. Maana siku hizi vyuo vina maneno mazito ya kuzungumzia mambo haya, utofauti, usawa, ujumuishi, sera hii na dawati lile, lakini huko mabwenini lugha ni moja tu: fulani kaingia kwa uwezo wake, fulani kabebwa. Ukitaka kuelewa sera, anza na hilo neno.

Kwa wale ambao hawakupita vyuo vya Bongo, kubebwa kuna maana mbili. Ya kwanza ni ya kitanda. Vyumba havitoshi, basi aliyepata chumba anamchukua rafiki yake aliyekosa, wanalala wawili kitanda kimoja cha futi mbili na nusu. Huko ndiko "kubebana". Maana ya pili ni ya alama: umeingia au umepita kwa sababu kuna mtu amekushushia ngazi.

Mimi miaka yangu ya chuo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, nilibebwa kitandani mwaka mzima. Aliyenibeba alikuwa kijana wa Moshi, namshukuru hadi kesho. Nilikuwa nimetoka kijiji cha pwani na sanduku la bati, sina ndugu wa kunipokea mjini mwenye nafasi. Sasa nikiwa nimelala kwenye kitanda cha mtu, chini ya chandarua cha mtu, ndio nikawa naongoza kuwacheka wasichana wa darasani kwetu walioingia kwa utaratibu maalumu wa akina dada. "Wa kubebwa hao." Tulikuwa tunacheka kweli kweli. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, na wewe je?

Sasa tuanze na historia, maana mjadala huu siku hizi unaletwa kama kitu cha kigeni. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia vyuo vikuu kuangalia rangi ya mwombaji wakati wa kudahili, na Januari 2025 Rais Trump akasaini amri za kufuta programu za namna hiyo katika serikali yake. Huku kwetu kuna watu wakadaka hapo hapo: mnaona, hata Wamarekani wameacha. Jamani. Ya kwetu hatukuyatoa Marekani. Ya kwetu yalianzia Musoma.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma ikapitisha azimio ambalo, pamoja na mambo mengine, lilibadilisha njia ya kuingia chuo kikuu. Kabla ya hapo mwanafunzi alimaliza kidato cha sita, akaenda JKT, akaingia chuo. Baada ya Azimio la Musoma ilibidi kwanza afanye kazi angalau miaka miwili, kisha aje na mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Nia ilikuwa kupata wasomi wanaojua maisha ya wananchi, si vijana wanaotoka shule kwenda shule na kujiona wao ndio nchi. Mimi binafsi nia hiyo siilaumu. Wengi wetu tungefaidika kushika jembe kidogo.

Angalia lakini kilichotokea. Azimio halikumtaja mwanamke wala mwanamume. Sharti lilikuwa moja kwa wote: miaka miwili, barua ya mwajiri, barua ya chama. Sawasawa kabisa kwenye karatasi. Na idadi ya wasichana wanaoingia Mlimani ikaporomoka.

Kwa nini? Haihitaji profesa. Msichana wa kidato cha sita ukimwambia asubiri miaka miwili juu ya mwaka wa JKT, unamzungumzia binti wa miaka 23 au 24. Umri huo nyumbani kwao posa zimeshaingia mara ngapi? Akiolewa, kuna mume wa kumwomba ruhusa. Akizaa, mtoto abaki na nani? Na ile barua ya mwajiri, bosi ni mwanamume, na baadhi ya mabosi tunawajua walikuwa wanataka nini kabla ya kuweka sahihi. Kijana wa kiume miaka ile miwili ilikuwa kusubiri tu. Kwa dada yake, kusubiri kulikuwa ndio mwisho wa safari.

Serikali iliona, na mwaka 1976 ikawaondolea wasichana sharti hilo. Wakaruhusiwa kuingia chuo moja kwa moja baada ya kidato cha sita, wakati wavulana waliendelea kusubiri. Hapo sasa nauliza: huko kulikuwa kubebwa? Walichofanya ni kuondoa jiwe ambalo wao wenyewe waliliweka njiani mwaka 1974, jiwe ambalo wanaume walikuwa wanaliruka na wanawake linawaangusha. Ukilielewa hili la Musoma umeshaelewa sehemu kubwa ya hayo maneno mazito. Kipimo kimoja si lazima kiwe haki, inategemea unampima nani na amesimama wapi.

Turudi nyuma kidogo zaidi. Chuo chenyewe kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi hawafiki hata 15. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wa sheria. Mmoja. Kuanzia hapo mpaka kufika mahali ambapo ukipita Mlimani leo huoni ajabu kukuta darasa limejaa wasichana, ilihitaji zaidi ya kungoja dunia ibadilike yenyewe. Makerere wenzetu walianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana pointi 1.5 kwenye alama za kuingilia. Mlimani katikati ya miaka ya 1990 wakaanza kushusha kiwango cha kuingilia kwa wasichana, kisha kwenye sayansi wakaja na kitu ambacho mimi nakiona cha busara zaidi: mafunzo ya awali. Wasichana waliokaribia kiwango lakini hawakukifikia walikuwa wanaitwa, wanafundishwa kwa wiki kadhaa, wanapewa mtihani, anayefaulu anaingia. Anayeshindwa anarudi nyumbani.

Hao ndio wa aina tuliyokuwa tunawacheka darasani kwetu. Hebu fikiria. Mtu kafundishwa, kapimwa tena, kafaulu, na bado tunasema kabebwa. Sisi tulipimwa mara moja. Wao mara mbili.

Sasa niseme na ubaya wake, maana sitaki kuonekana natetea kila kitu. Pointi za kumwongezea msichana hazimuulizi anatoka wapi. Binti wa Masaki aliyesoma shule ya kulipia, ana mwalimu wa ziada na kompyuta chumbani, anapata nafuu ile ile anayopata binti wa Mlingotini ambaye mama yake anashinda baharini na mwani mpaka maji yajae. Makerere wamelaumiwa kwa hilo hilo, kwamba nafuu ilikuwa inaishia zaidi kwa mabinti wa familia zinazojiweza. Lawama ina ukweli. Ila dawa yake ni kulenga vizuri zaidi. Wanaotaka kufuta kabisa nashindwa kuwaelewa.

Na hapa ndipo tunafika kwetu Pwani.

Watu wa bara wana utani wao juu yetu, kwamba Mswahili hapendi shule, anapenda ngoma na bao. Utani tunaupokea, lakini historia tuiweke sawa. Wakati Wajerumani wanaingia, watu wa mwambao ndio waliokuwa wanajua kusoma na kuandika, kwa herufi za Kiarabu walizojifunza madrasa. Shule za serikali ya Mjerumani zilianzia pwani, na makarani na maakida wakachukuliwa huku huku. Alipokuja Mwingereza mambo yakageuka. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni, na misheni zilikuwa na nguvu kuliko kwingine kote Kilimanjaro, Bukoba, Rungwe. Pwani, wazee waliogopa kwamba mtoto akienda shule ya padri atarudi na jina jipya. Hofu hiyo haikuwa ya bure, maana misheni kazi yake ya kwanza ndiyo hiyo, na hapa Bagamoyo mapadri wapo tangu 1868. Kwa hiyo tunafika uhuru mwaka 1961, kuna mikoa ina shule kila kona na kuna mikoa ina madrasa ambayo cheti chake hakitambuliki popote. Hapo nani alibebwa? Mtoto wa Marangu ambaye babu yake alisomeshwa na ruzuku ya serikali hajiiti wa kubebwa. Anajiita mwenye akili. Na akili anayo, sikatai, aliyenibeba kitandani alikuwa nayo kuliko mimi. Lakini ngazi ilikuwepo chini ya miguu yake kabla hajazaliwa.

Serikali ya Mwalimu ilijaribu kurekebisha kwa kugawa nafasi za sekondari kimkoa na kiwilaya, utaratibu uliotumika kwa miaka mingi. Wanafunzi walichaguliwa kwa kushindana na wenzao wa eneo lao, si na nchi nzima. Kwa hiyo alama za kuchaguliwa Rufiji na alama za kuchaguliwa Moshi zilitofautiana. Iliwauma wengi. Mtoto wa Moshi alikuwa anakosa nafasi na alama ambazo zingempeleka sekondari angekuwa Pwani. Wazazi wa huko hawakukaa kulia, walijichangisha wakajenga shule zao binafsi, na ndio maana Kilimanjaro ilikuja kuwa na sekondari nyingi vile. Kwa hiyo pengo halikuzibika kama ilivyotarajiwa. Lakini bila mgao ule, watu wa rika la baba yangu waliofika sekondari kutoka vijiji vya huku ungewahesabu kwa vidole.

Najua kuna mdau atasema, mbona Kikwete katoka Msoga, wilaya hii hii ya zamani ya Bagamoyo, kasoma Kibaha, kasoma Tanga, kahitimu Mlimani 1975, kawa rais? Ndiyo. Mtu mmoja akipita mlangoni haina maana mlango ni mpana. Julie Manning naye alipita peke yake.

Kuna jambo jingine la kuchekesha, au la kusikitisha, sijui. Mtoto wa pwani anazaliwa na Kiswahili. Hii lugha ambayo taifa zima linajivunia ni ya bibi yake. Lakini akifika kidato cha kwanza inawekwa pembeni, masomo yanageuka Kiingereza, na ule utajiri wake hauna pointi. Mlimani Idara ya Kiswahili imekuwa ikifundisha kwa Kiswahili tangu 1970, huko ndiko utamkuta mtoto wa mwambao anatamba. Nje ya hapo, kwenye fizikia na uchumi, anayetamba ni yule ambaye kwao kulikuwa na gazeti la Kiingereza mezani. Na hapa mjini kwetu tuna mfano mwingine wa kipimo tofauti. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa mwaka 1981, chenyewe ndicho TaSUBa ya leo, walimu wake wa mwanzo wengi walitoka vikundi vya taifa vya ngoma, maigizo na sarakasi. Walipimwa kwa walichoweza kufanya. Ukimwuliza mtu wa namna hiyo cheti cha kidato cha nne unaweza ukampoteza mpiga ngoma bora nchini.

Yote niliyosema mpaka hapa ni ya mlangoni. Tatizo ni kwamba watu wengi wanadhani mtu akishavuka geti kazi imekwisha. Hapo namleta mzee wetu mmoja wa Bagamoyo ambaye nashangaa hatumtaji.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mtu wa Dunda, hapa hapa Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyokuwa chini ya chuo kikuu cha huko. Yaani miaka 61 kabla ya chuo cha Lumumba, mtu wa Bagamoyo alikuwa anasimama mbele ya darasa la chuo kikuu Ulaya. Geti alilivuka, tena kama mwalimu. Wanafunzi wake wengi walikuwa maofisa na watumishi wanaojiandaa kuja kutawala huku. Mnadhani walimheshimu? Alilalamika juu ya dharau zao. Kitabu cha desturi za Waswahili ambacho sehemu kubwa aliandika yeye kilitoka mwaka 1903 kikiwa na jina la Mjerumani, Carl Velten. Mwaka 1904 akaoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 kazi yake Berlin ikaisha, akapanda meli na mkewe kurudi nyumbani, na watawala wa Kijerumani huku wakakataa mke wake asishuke. Wakageuza. Baadaye alifundisha Hamburg, akazunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara juu ya Afrika, na alifariki Berlin mwaka 1927. Bagamoyo hakurudi kuishi tena. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza mwaka 1981 ndipo jina lake likawekwa kwenye jalada kama mwandishi.

Kwa hiyo kuwa ndani na kuhesabiwa ni mtu wa ndani ni vitu viwili. Chuo kile kilihitaji ulimi wake, yeye mwenyewe hakikumhitaji.

Na tusiwacheke Wajerumani tu. Mlimani kulikuwa na kikundi cha wanafunzi wanaume kilichojiita Punch, kilichokuwa kinabandika ukutani michoro na maneno ya kudhalilisha watu, hasa wanafunzi wa kike. Aliyekataa kutongozwa alibandikwa. Februari 1990 mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kusumbuliwa namna hiyo. Nchi ilitikisika, wanawake wakapaza sauti, Punch ikapigwa marufuku. Fikiria, miaka 14 tangu sharti la Musoma liondolewe kwa wasichana. Mlango ulikuwa wazi muda wote huo.

Tena si ya zamani peke yake. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa. Novemba 2018, Rais Magufuli alipokwenda Mlimani kwenye shughuli ya maktaba mpya, mhadhiri mmoja wa sanaa, Dk. Vicensia Shule, aliandika Twitter kwamba alitamani kumweleza rais jinsi rushwa ya ngono ilivyokithiri chuoni. Aliyeitwa kuhojiwa alikuwa yeye. Mwaka wowote mwingine unaweza kuongeza maelezo yako hapa, wadau mliopita vyuoni mnajua.

Ndio maana mimi mtu akiniambia chuo fulani kimefikia "usawa" kwa sababu nusu ya wanafunzi ni wanawake, namuuliza maswali ya kijinga kijinga. Taa za njia ya kutoka maktaba usiku zinawaka? Msichana akimshitaki mwalimu, alama zake anazisahihisha nani? Mwenye kigari cha magurudumu anafikaje ghorofa ya pili? Mlimani, kama jina lenyewe linavyosema, ni mlima, na vyuo vyetu vingi vilijengwa kwa ngazi tupu. Wanafunzi wasioona wamekuwa wakisoma Mlimani tangu miaka ya 1970, maandishi ya nukta nundu yapo, kwa hiyo uzoefu tunao. Sheria ya watu wenye ulemavu ipo tangu 2010. Lakini kiziwi ni habari nyingine. Asiyeona unaweza kumrekodia somo. Kiziwi anahitaji mtu amesimama pale anamtafsiria kwa lugha ya alama, kila kipindi, na anayejua kukitafsiri kipindi cha takwimu. Huyo ni mshahara. Hapo ndipo sera nzuri nzuri huwa zinakwama.

Fedha nayo niitaje kwa ufupi. Bodi ya Mikopo ilianza kazi Julai 2005 na imewapitisha wengi ambao wasingepita. Ada ya sekondari ilifutwa kidato cha kwanza mpaka cha nne mwaka 2016, na cha tano na sita mwaka 2022. Ni hatua kubwa. Lakini "bumu" likichelewa wiki tatu, mtoto wa meneja anapiga simu nyumbani, mtoto wa mkulima wa mwani anaanza kuruka mlo. Kuchelewa ni kule kule kwa wote wawili. Tumerudi Musoma.

Dini nayo, maana najua mnaingoja. Hapa Bagamoyo leo tuna chuo cha Marian cha Kanisa Katoliki. Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Waislamu kilichoanza mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO ambayo serikali ya Mkapa iliyatoa. Vizuri vyote viwili, na kwa kanuni milango ya vyote iko wazi kwa dini zote. Ila sipendi wazo kwamba kila kundi likipata chuo chake basi tumemaliza. Mimi nilibebwa na Mlutheri wa Moshi, Ramadhani alikuwa ananiamsha kula daku kwa sababu saa yake ya kengele ilikuwa nzuri kuliko usingizi wangu. Hilo lisingetokea kama kila mmoja angekuwa kwao.

Basi usiku ule barazani nilimweleza mpwa wangu karibu haya yote, Musoma, Mtoro, kitanda cha futi mbili na nusu. Alisikiliza, kijana ana adabu, lakini niliona hajashawishika.

"Sawa mjomba, hayo ya wanawake na wazee wa zamani nimekuelewa. Lakini mtihani ni ule ule, maswali yale yale ya kusoma kwenye karatasi. Kusoma si anasoma kwa macho? Muda wa ziada wa nini?"

Swali zuri, nikamwambia. Nikamweleza kwamba kiziwi wa kuzaliwa lugha yake ya kwanza ni lugha ya alama. Kiswahili anajifunza kama lugha ya pili bila kuwahi kukisikia, na Kiingereza cha karatasi ya mtihani kinakuja juu ya hapo. Wewe unasoma swali mara moja, yeye analitafsiri mara mbili kabla hajaanza kujibu.

Akatafuna muhogo wake. Nikamuuliza, darasani anafuatiliaje sasa, kuna mtafsiri?

"Hakuna. Lekchara mwenyewe anaongea huku kaangalia ubao, hata midomo haioni."

"Sasa anapataje notsi?"

"Anachukua za kwangu. Tunakaa wote. Mimi naandika, yeye anaangalia daftari langu, jioni namwelekeza zile sehemu alizokosa. Nimeshajua alama kidogo kidogo."

"Kwa hiyo wewe ndio unambeba?"

"Ah, mjomba, yule si mshikaji wangu!"

Asubuhi alipanda gari la saa 12. Kabla hajaondoka alinikumbusha nauli, na hela ya kutoa kopi za notsi. Alisema anahitaji nakala mbili mbili.